Kuchovya fedha kwa pipa, na kwa nini fedha hubanduka

Kulabu za hereni, vichwa vya nyaya vya betri ya boda, vibati vya ndani ya swichi: vitu kama hivi, vinapopakwa madini ya fedha kwa umeme, havichovywi kimoja kimoja. Vinamwagwa kwa kilo ndani ya pipa la plastiki lenye pande sita na matundu kila upande. Pipa linazamishwa kwenye dawa ya fedha, kisha linazunguka taratibu, mizunguko michache tu kwa dakika. Ndani yake unaning'inia waya mnene wenye kichwa cha chuma kitupu, nao ndio unaofikisha umeme kwenye rundo. Hiyo ndiyo kuchovya kwa pipa.

Aliyewahi kuishi Kampala na kukaa giza kwa sababu ya mgao wa umeme hatapata shida kuielewa, maana hata ndani ya pipa kuna mgao. Vipande vilivyo juu ya rundo, vinavyotazamana na anodi (bamba la upande chanya wa umeme), ndivyo vinavyokula fedha. Vilivyo tumboni mwa rundo vimekingwa na wenzao, vinangoja zamu. Pipa likizunguka, wa ndani hutoka na wa nje huingia. Ndiyo maana ukiambiwa kazi ya pipa ina unene wa mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hiyo ni wastani. Wapo waliopata zaidi na wapo waliopunjwa.

Wastani huo unahesabika. Ampea 1 ikipita kwa saa 1 huangusha karibu gramu 4 za fedha. Rundo lenye eneo la mita 2 za mraba, kwa mikroni 5, linahitaji kama gramu 105, yaani ampea 26 kwa saa moja. Umeme umepita wote lakini vipande vimetoka vyembamba? Fedha haikupotea hewani. Ama eneo lilikadiriwa vibaya, ama sehemu yake imejiganda kwenye kile kichwa cha waya, ambacho nacho huchovywa bure kila siku. Kikwangue, utaona.

Kasoro inayoleta ugomvi mwingi ni malengelenge. Fundi mmoja wa Katwe aliniletea mfuko wa vichwa vya nyaya, fedha inabanduka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. "Mzee, fedha ya hawa jamaa ni feki," akasema. Nikamwomba sindano. Tukainua lengelenge moja, tukaligeuza chali tukatazama mgongo wake.

Mgongo ndio wenye habari. Vichwa vile ni vya chuma. Chini ya fedha kunatakiwa tabaka la shaba. Kama chini ya lengelenge kunaonekana chuma kitupu na mgongo ni mwekundu, basi shaba imeachana na chuma: mafuta au kutu havikuondolewa vizuri, na fedha haina kosa. Kama chini kumebaki shaba safi na mgongo ni mweupe, fedha ndiyo iliyokataa kushika. Kwetu ilikuwa hii ya pili.

Kwa nini ikatae? Fedha na shaba zina tabia moja ya ajabu. Tumbukiza shaba kwenye dawa yenye fedha nyingi bila umeme wowote, na fedha itajibandika yenyewe papo hapo, huku shaba kidogo ikiyeyuka kuipisha. Inang'aa, inapendeza, lakini imekaa kama vumbi. Fedha halali ikija juu yake, inajenga nyumba juu ya vumbi. Kazi ya kuning'iniza kipande kimojakimoja ina nafuu, kwa kuwa kila kipande kimefungwa kwenye umeme wake. Kwenye pipa, kipande kilichotupwa mbali na waya kinaweza kukaa ndani ya dawa na mguso hafifu, na vumbi likajibandika.

Njia ya kuzuia hilo inajulikana: bafu (tangi la dawa) la kwanza lenye fedha kidogo sana na sayanidi nyingi, ile chumvi yenye sumu kali, pipa liingie umeme ukiwa tayari umewashwa, kisha ndiyo liende kwenye bafu kuu. Na rundo liwe na kiasi. Pipa likijaa sana vipande havigeuki. Likiwa na vichache mno, mguso unakatika kila mara. Mimi ningeongeza gololi za chuma kujaza nafasi kuliko kupandisha umeme. Ukipandisha, vipande bapa vinavyolala kwenye ukuta wa pipa vitaungua madoa ya duara, sawasawa na ukubwa wa matundu.

Umeme wa mjini ukikatika katikati ya kazi, hasa kwenye bafu la nikeli (madini mengine yanayochovywa hivyohivyo), usiuwashe tena ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikeli huota utando haraka, na tabaka jipya halitashika juu ya la zamani.

Hapa nisimame kidogo. Bafu hizi ni za sayanidi. Asidi ya kusafishia ikibaki kwenye matundu ya pipa na kuingia humo, hutoka gesi inayoua. Kusuuza kati ya asidi na sayanidi si jambo la usafi tu, na hii si kazi ya kujaribia nyuma ya nyumba.

Madoa meupe yanayojitokeza siku mbili tatu baadaye kando ya vitobo ni chumvi ya dawa iliyojificha ndani. Suuza kwa maji ya moto, kausha vizuri.

Kuhusu weusi, fundi wangu alikuwa na lalamiko la pili: hata vile visivyobanduka vilikuwa vimesawijika. Fedha huchukia salfa, ndiyo maana kijiko cha fedha huwa cheusi kikila yai. Nikatazama mfuko wake. Vichwa vilikuwa vimefungwa kumikumi kwa raba, na weusi ulikuwa mstari mmoja tu, palepale raba ilipopita, maana raba nayo ina salfa.