Mmarekani Awe Gari la Pili, Si la Kwanza

Watu wakija gereji na picha ya gari la Kimarekani kwenye simu, huniuliza bei: ni ya haki au wanaibiwa? Mimi nina swali langu linalotangulia. Hili likikataa kuwaka Jumatatu asubuhi, utaenda kazini na nini? Anayejibu, "Fundi, nina Toyota Premio nyumbani," tunavuta viti tukaongea. Anayebaki akinitazama namwelekeza kwenye Toyota, na sioni aibu, ingawa jirani zangu wote hapa Ndeeba, Kampala, wanajua kuwa mgonjwa wa magari ya Kimarekani ni mimi.

Sababu ni spea. Premio ikidai bushi, kijana anapanda boda mpaka soko la spea la Kisekka na chai haijapoa amerudi, tena na bei za kuchagua: iliyotoka kwenye gari la Japani lililokatwa, mpya ya asili, na ile ya kuigiza. Jeep ikidai sensa, kile kifaa cha kuipa kompyuta ya gari taarifa, yenye ukubwa wa kidole gumba tu, tunaanza kupiga simu. Nairobi labda. Dubai mara nyingi ipo. Siku nne, wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Gari pekee la nyumbani haliwezi kusubiri hivyo. Watoto wana shule na mwajiri hataki hadithi. La pili linaweza. Na woga huo huo wa spea ndio unaofanya Jeep au Chevrolet hapa mjini iuzwe chini ya Toyota ya umri wake. Kwa hiyo punguzo unalopewa ni malipo ya subira yako. Kama subira yenyewe huna, punguzo hilo litakutokea puani.

Sasa, Mmarekani gani? Uganda tunapita kushoto na usukani uko kulia. Hilo peke yake linafuta nusu ya ndoto. Kuna mteja ana shemeji Boston na alitaka atumiwe Ford Explorer ya kule kule. Mimi nimewahi kuendesha usukani wa kushoto barabara ya Masaka nyuma ya lori la matoke. Ili uone kama mbele kuna kitu, inabidi nusu ya gari lako iwe tayari imeingia upande wa wenzako, au umwombe abiria achungulie, naye abiria ni mama mkwe. Ukifika kituo cha kulipia barabara mpya ya Entebbe, dirisha la karani liko upande ambao huna. Habari za usajili kaulize Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kabla hujatuma hata senti. Lakini kwa gari la familia, hata ukiniletea kibali, jibu langu ni lile lile.

Wanaobaki ni Wamarekani waliozaliwa na usukani kulia, na ajabu yake ni kwamba wengi wao hawajaiona Marekani. Ford Ranger ya kizazi kilichoanza 2011 inatoka Silverton, Pretoria, au Thailand. Chevrolet nyingi ndogo tunazoziona ni za Korea, kutoka viwanda vilivyokuwa vya Daewoo. Jeep Grand Cherokee za usukani wa kulia za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliundwa Graz, Austria. Ford Mustang ya kwanza ya usukani wa kulia kutoka kiwandani ilitoka 2015, na hiyo haimo kwenye mazungumzo ya bei nafuu. Mmarekani halisi wa bei ya mwalimu ni Jeep Cherokee ya boksi, ile XJ iliyokoma 2001. Ilitoka Toledo, Ohio, na za usukani wa kulia zilipelekwa Japani na Uingereza. Nyingine zilinunuliwa na wapeleka barua wa vijijini huko huko Marekani, ili wafikie sanduku la barua bila kushuka garini.

Mahali pa kuzaliwa hapatafutwi kwenye beji, panasomwa kwenye namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi 17. Ikianza na 1, 4 au 5 kwa kawaida ni Marekani. AFA ni Ford ya Afrika Kusini, MNB ni Ford ya Thailand, KL ni Korea. Piga picha namba hiyo kabla ya kujadili bei, kwa sababu ndiyo utakayomtumia muuza spea. Ukimwambia "nataka breki za Ranger" atakupa za Ranger fulani, huenda si yako.

Nikupe mfano wa mwalimu mmoja, mteja wangu. Anafundisha sekondari, Premio yake inampeleka shule, na kwao ni Kasese, juu kule ambako barabara ya mwisho ni ya mawe. Alitaka gari la kwenda nyumbani mara sita au saba kwa mwaka. Akaja na XJ ya 1998, injini ya lita 4.0, silinda sita kwa mstari mmoja, namba za Uganda za siku nyingi. Muuzaji alikuwa amechoka nayo. Ilikuwa inazima ikipata moto, inakaa nusu saa, kisha inawaka kama haikufanya kitu. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta. Wa pili akabadilisha pampu hiyo mpya kwa nyingine mpya.

Ugonjwa huo kwa XJ ni wa kawaida kama mafua: sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa mhimili mkuu wa injini. Imekaa nyuma ya injini, pale inapoungana na gia boksi, karibu na bomba la moshi, na joto huichosha. Ikichoka, kompyuta haijui tena kama injini inazunguka, hivyo inakata cheche na mafuta kwa pamoja. Ikipoa, inajisikia vizuri. Muuzaji hakulijua hilo, na mimi sikuwa na wajibu wa kumfundisha mbele ya mnunuzi. Mwalimu akapunguziwa pesa za kutosha kununua sensa mbili. Kuhusu mbili, nitakueleza.

Injini yenyewe ya 4.0 ni chuma kizito, haina mkanda wa taimingi wa kukatika, na nimeziona zikienda miaka mingi baada ya bodi kuoza. Lakini kuna mtego mmoja. Kuanzia karibu mwaka 2000 walibadilisha kichwa cha injini, na baadhi ya vichwa vyenye namba 0331 hupasuka katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne. Maji yanaingia kwenye oili. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta uji mfano wa chai ya maziwa, funga, sema asante, nenda nyumbani. Ndiyo maana nilimwambia mwalimu 1998 ni bora kuliko 2001, ingawa 2001 inaonekana mpya zaidi kwenye picha.

Halafu kuna spana. XJ ina nati za milimita na nyingine za inchi, zimechanganywa bila adabu. Fundi mwenye haraka anatia spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, inaonekana inashika, kumbe inailambalamba kona. Mara ya tatu nati ni duara. Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta fundi kwanza, mwombe akuonyeshe soketi zake za inchi. Asipokuwa nazo, umepata jibu.

Ranger ni habari nyingine, na kusema kweli kwa watu wengi ndiyo Mmarekani mwenye busara zaidi hapa kwetu. Wengi wanazo, mashirika yanaziuza zikichoka, na Mazda BT-50 ya miaka hiyo ni ndugu yake wa tumbo moja, hivyo spea za mmoja mara nyingi humfaa mwenzake. Ila injini zake za dizeli za 2.2 na 3.2 zina tabia ambayo imewaponza mafundi wazuri kabisa. Sisi tumezoea kumwaga oili, gari likaachwa lichuruzike, tukaenda kula. Kwenye injini hizi usifanye hivyo. Pampu ya oili ikiachwa wazi muda mrefu inapoteza uwezo wa kuvuta; ukiwasha, injini inazunguka kavu na metali zinaungua. Oili ikishamwagika, filta mpya na oili mpya ziingie ndani ya dakika kumi. Ukinunua Ranger, usimuulize muuzaji kama ilifanyiwa sevisi. Muulize nani aliifanya, na huyo fundi alikula saa ngapi.

Jeep Patriot na Compass za kuanzia 2007 zinauzwa kwa bei inayovutia. Nyingi zina gia boksi ya CVT, ile inayobadilika bila hatua, iliyoundwa na Jatco wa Japani, ile ile aina inayopatikana kwenye Nissan X-Trail za wakati huo, na inadai oili yake maalumu, si ya rangi inayofanana. Sizikatai, lakini endesha mlima mrefu kabla ya kulipa. Ford Focus na Fiesta zenye gia ya PowerShift ya klachi mbili kavu sizigusi. Zilisumbua mpaka mahakama ya Australia ikaitoza Ford faini mwaka 2018. Nayo Ford Kuga ya 1.6 EcoBoost iliitwa na kiwanda irudi kurekebishwa Afrika Kusini mwaka 2017 baada ya kadhaa kuwaka moto, hivyo ukiipenda dai karatasi ya kuonyesha imerekebishwa. Chevrolet ya Korea ni nafuu na haina makuu, ila General Motors ilijiondoa Afrika Kusini mwishoni mwa 2017, na tangu hapo kila mwaka spea zinapatikana kwa shida zaidi.

Wengine wananiambia, "Fundi, mimi nitaagiza mwenyewe." Haya, tupige hesabu. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, kwa hiyo XJ ya kuagiza imekwisha. Zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia. Chukua basi Mmarekani wa miaka 11 anayefika Mombasa kutoka Japani kwa dola 5,000, bima na usafiri ndani. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni dola 1,250. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 5,000, inapigwa kwenye 6,250: dola 1,125. Kodi ya zuio asilimia 6, dola 300. Tozo ya miundombinu asilimia 1.5, dola 75. Kisha tozo ya mazingira, ambayo kwa gari la miaka kumi na zaidi hufika nusu ya thamani: dola 2,500. Jumla 5,250. Umelipa serikali kuliko ulivyomlipa Mjapani, na hujagusa namba, wakala wala dereva wa kulitoa Mombasa kupitia Malaba. Viwango huguswa bajeti ikisomwa Juni, na URA, mamlaka ya mapato, ina thamani zake za magari, hairidhiki na risiti yako tu. Ndiyo sababu kwa gari la pili nasema nunua lenye namba za Uganda tayari. Mtu mwingine alishalia machozi hayo.

Ukinunua la hapa, logibuku iwe ya jina la anayekuuzia au awe na karatasi za uhamisho mkononi, na ukague madeni ya faini kabla ya kulipa. Kama lilitoka Uingereza, kumbuka dashibodi inahesabu maili: 90,000 ni karibu kilomita 145,000, na dalali hatakukumbusha.

Jaribio langu ni moja na halihitaji mashine. Saa kumi na moja jioni, toka Ndeeba kuelekea Clock Tower, ndani ya foleni, kiyoyozi kimewashwa. Injini hizi kubwa ziliundwa kwa barabara ndefu zenye upepo, na redieta iliyoziba haijifichi pale. Sindano ya joto ikipanda wakati umesimama, feni au maji yana kasoro. Kisha zima, hesabu dakika tano, washa tena likiwa na moto. Magari mengi mabovu huwaka vizuri asubuhi, na wauzaji wanajua, ndiyo maana wanakuita saa mbili. Mashine ya kusoma kompyuta huja baada ya hapo, na ukikuta kumbukumbu ni tupu kabisa bila hata kosa moja la zamani, shuku kwamba huenda kuna mtu ameifuta leo. Mafuta? XJ inakunywa, sitadanganya. Lita ikicheza kwenye shilingi 5,000, safari ya Kasese inauma. Mwalimu aliigawa kwa safari saba za mwaka akaona anaweza kuimeza.

Sensa ya pili tuliifunga kwenye soksi ya mtoto wake na kuiweka kwenye droo ya dashibodi, pamoja na soketi na ekstensheni ndefu ya kuifikia. Mwezi uliopita akanipigia yuko karibu na Mubende, jua la saa nane. "Fundi, imezima." Sauti ilikuwa tulivu, nyuma yake nasikia watoto wanabishania muhindi wa kuchoma. Nikamwambia aimwagie maji ya chupa moja pale nyuma ya injini, taratibu, wamalize muhindi wao, kisha awashe aifikishe kwa fundi wa mjini Mubende na ampe soksi.