Baada ya upasuaji wa valvu ya moyo: miguu kwanza, mikono baadaye

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo, yaani kilango kinachoiongoza damu iende upande mmoja tu, ndugu humpokea kwa mapenzi makubwa na kumkalisha. Asiteke maji, asifagie, asiende hata dukani. Akikohoa, wanakimbilia watu wanne. Nayaelewa mapenzi hayo, lakini nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia ninayewahudumia wagonjwa hawa, nawaomba ndugu: msimlaze. Kulala kutwa nzima kunadhoofisha misuli, kunaacha makohozi yatuame kifuani, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Wodini kwenyewe tunawatoa wagonjwa kitandani mapema, wengine mirija ingali mwilini.

Wengi tunaowaona ni vijana, ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki iliyotokana na maambukizi ya koo ya utotoni. Kwa hiyo huniuliza maswali ya watu wenye maisha mbele yao: lini nitalima, lini nitacheza mpira, lini nitambeba mwanangu?

Majibu yanategemea jambo moja. Kinachopona si moyo peke yake. Katika upasuaji wa kawaida, daktari hukata kwa msumeno mfupa wa katikati ya kifua, na akimaliza huufunga kwa waya. Mfupa huo huhitaji kati ya wiki 6 na 12 kuunga vizuri. Ndiyo maana miguu hupata ruhusa kabla ya mikono.

Basi tembea. Anza na dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, mahali tambarare, kabla jua halijawa kali. Ongeza dakika moja au mbili kila siku kadiri mwili unavyokubali, mpaka ufikishe dakika 30. Kipimo chako ni maongezi. Ukiweza kumsimulia anayekusindikiza habari nzima bila kukatika, mwendo ni sawa. Maneno yakianza kutoka mojamoja, punguza. Kuhesabu mapigo hakutoshi, kwa sababu wengi wenu mnatumia dawa kama bisoprololi zinazopunguza kasi ya moyo, na hesabu hiyo inaweza kukudanganya.

Mikono isubiri. Kwa miezi mitatu ya kwanza, dumu la lita 5 lililojaa ndilo liwe mwisho wa uzito wako. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo iache kabisa. Kutwanga, kusonga ugali wa sufuria kubwa na kuvuta kamba ya kisima, wafanye wengine. Kuna na hatari ambayo watu huisahau: daladala. Umesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu, dereva anakanyaga breki ghafla, na uzito wako wote unakivuta kifua upande mmoja. Omba kiti bila haya. Kitandani, usijivute kwa mikono: geukia ubavu, shusha miguu, kisha jiinue taratibu. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto.

Ukihisi mfupa wa kifua unacheza au unalia unapogeuka, rudi hospitali. Vivyo hivyo ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, miguu ikivimba au uzito ukipanda kwa kilo 2 ndani ya siku chache. Maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya zoezi maana yake ni kusimama palepale na kutafuta msaada.

Kukimbia na mpira vitangoja daktari akupime kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, pengine na kipimo cha moyo ukiwa mazoezini. Mwenye valvu ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote, na dawa hiyo hufanya damu ichelewe kuganda. Ngumi na mieleka avisahau. Akigongwa kichwani, hata kama hasikii maumivu, aende hospitali siku hiyohiyo. Na kama umeandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 ili homa ya rumatiki isirudi, hakuna zoezi linaloziba nafasi yake.

Mwenye valvu ya chuma atasikia pia mlio mdogo kama wa saa ya ukutani, hasa usiku nyumba ikitulia. Akitembea haraka, nao huenda haraka, na wengine huogopa wakaacha mazoezi. Huo ni mlio wa valvu inayofunga sawasawa. Wa kuogopa ni mlio uliofifia au kupotea, pumzi nayo ikianza kubana. Hapo usingoje siku ya kliniki; njoo usiku huohuo.