Je, wajua kwa nini pampu ndogo ya dhahabu hupimwa kwa kalenda ya samaki?

Mashine yenyewe haitishi. Ni injini ndogo iliyofungwa juu ya maboya mawili, inaelea mtoni ikinguruma. Chini yake kuna mtu mmoja aliyevaa nguo ya kuzamia, anavuta hewa kwa mrija huku ameshika bomba nene linalofyonza kokoto za sakafu ya mto. Kokoto hupanda pamoja na maji, hupita juu ya kisanduku kirefu chenye vizuizi kama mbavu, dhahabu inanaswa kwenye mbavu hizo, na kila kitu kingine kinamwagwa mtoni nyuma ya mashine. Hakuna baruti wala tingatinga. Hakuna hata kemikali.

Hata hivyo, mashine hii imegombaniwa katika misitu ya taifa ya magharibi mwa Marekani kwa zaidi ya miaka 20. California iliisimamisha mwaka 2009. Kesi zake zimefika mahakama za juu kabisa za majimbo. Msomaji ana haki ya kuuliza: kitu kidogo hivi, kinachoendeshwa na mtu mmoja wakati wa kiangazi, kinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira ya nini?

Jibu linaanzia kwenye uzito wa dhahabu. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, ilhali kwatzi, jiwe la kawaida la mtoni, haifiki hata mara tatu. Kila mafuriko yakitikisa kokoto, dhahabu hupenya na kushuka, mpaka ikwame kwenye nyufa za mwamba ulio chini ya yote. Anayeitaka hawezi kukwangua juu juu. Lazima aondoe tabaka zima la kokoto hadi aufikie mwamba, kisha ahamie hatua inayofuata. Na tabaka hilo analoliondoa ndilo nyumba ya watu wengine.

Nasema watu, lakini ni samaki. Samoni jike hulala ubavu, akapiga mkia hadi kokoto zichimbike, akataga, kisha akafukia. Mayai hukaa humo kwa miezi, yakiishi kwa oksijeni inayoletwa na maji yanayopenya kati ya kokoto. Tope laini likijaza nafasi hizo, yai hukosa pumzi bila kuguswa na mtu. Na likiguswa? Watafiti waliofanya majaribio kwenye vijito vya jimbo la Idaho, matokeo yao yakachapishwa mwaka 1981, walipitisha mayai ya samaki jamii ya trauti ndani ya mashine ya kufyonza. Mayai machanga, ambayo bado hayajaonyesha macho ya kijusi, yalikufa yote ndani ya saa moja. Mayai yaliyokwisha kuota macho yalikufa kiasi cha theluthi. Lakini wadudu wa majini waliopita njia hiyohiyo waliokufa au kuumia hawakufika asilimia 1.

Tazama vizuri matokeo hayo, maana kiini cha ubishi wote kimo humo. Mashine ni ileile na mto ni uleule. Akipita mdudu anatoka salama, likipita yai changa linakufa. Kwa hiyo ukubwa wa injini hautuambii mengi. La kujua ni nani yuko ndani ya kokoto wiki hiyo bomba linapowashwa.

Sheria za Marekani hazikuandikwa kwa kuuliza swali hilo. Sheria ya Madini ya 1872, iliyotiwa saini na Rais Ulysses Grant na inayotumika hadi leo, ilifungua ardhi ya umma kwa raia yeyote anayetafuta madini. Baadaye, mwaka 1897, sheria nyingine iliwaambia wachimbaji wanaoingia katika misitu ya taifa kwamba watafuata kanuni za misitu hiyo. Kanuni zenyewe zilichelewa sana: Idara ya Misitu ilizitoa mwaka 1974. Zinasema hivi: kama shughuli yako huenda ikavuruga mazingira kwa kiasi kikubwa, peleka taarifa ya kusudio kwa mkuu wa wilaya ya msitu, naye ana siku 15 za kukujibu. Akiona madhara yatakuwa makubwa kweli, anakudai mpango kamili wa shughuli, na mpango huo ndio unaofungua mlango wa tathmini. Asipoona hivyo, unawasha injini.

Siku 15, na afisa mmoja mwenye msitu mkubwa wa kuangalia! Mimi sioni ajabu kwamba mambo yaliharibikia hapo.

Yaliharibikia kwenye Mto Klamath, kaskazini mwa California, ambako taifa la wenyeji liitwalo Karuk limevua samoni tangu kale. Mto huo una samoni aina ya koho, waliotajwa na serikali kuu mwaka 1997 kuwa wako hatarini. Wakati wa joto koho wadogo hujibana kwenye midomo ya vijito, penye maji ya baridi, kwa sababu mto mkuu unakuwa wa vuguvugu mno kwao. Wakaruk waliishtaki Idara ya Misitu mwaka 2004 kwa kuruhusu taarifa za kusudio za wachimbaji bila kuwauliza wataalamu wa samaki wa serikali. Idara ikajitetea kwamba haikuruhusu kitu chochote: mchimbaji anayo haki tangu 1872, wao wamepokea barua tu. Mwaka 2012 majaji wa mahakama ya rufaa ya kanda ya tisa, wakiketi jopo pana, waliukataa utetezi huo. Afisa anayesoma taarifa, akaiwekea masharti na kusema endelea, amefanya uamuzi, walisema, na uamuzi unaoweza kumgusa kiumbe aliye hatarini unadai mashauriano chini ya sheria ya viumbe hao ya 1973. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa.

Wachimbaji nao wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Mafuriko ya masika moja, wanasema, husukuma mchanga kuliko mashine zote zikijumlishwa. Ni kweli. Wanasema pia wadudu hurudi kwenye sehemu iliyofyonzwa baada ya wiki chache, na kwamba tope linalotoka nyuma ya mashine hutua hatua chache chini ya mkondo. Mara nyingi huwa hivyo. Wengine huonyesha kifusi cha kokoto safi kilichobaki nyuma yao na kusema: tumewatengenezea samoni mahali pa kutagia.

Hapo ndipo mto unapowageuka. Kifusi kile kinapendeza kweli, na samoni hukipenda, hasa pale ambapo kokoto nzuri ni haba. Lakini kokoto zilizomwagwa na mashine hazijashikana kama zile zilizopangwa na mto kwa miaka. Waliopima viota vya samoni kwenye vifusi hivyo waligundua kwamba mafuriko ya majira ya baridi huvisomba kwa urahisi kuliko viota vya kwenye kokoto za asili. Mashine imeshaondoka miezi kadhaa, mchimbaji yuko nyumbani, na hasara ndiyo kwanza inatokea. Hiyo nayo ni sababu mojawapo ya kufanya tathmini kabla: ukija kukagua siku ya kazi utakuta kila kitu shwari.

Halafu kuna zebaki. Mashine haiiweki mtoni, inaifukua. Dhahabu ilipogunduliwa Coloma, kwenye tawi la kusini la Mto American, Januari 1848, ulifuata uchimbaji mkubwa uliotumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, na nyingi ilipotelea mitoni. Zebaki ni nzito, kwa hiyo ilishuka palepale ilipo dhahabu. Mchimbaji wa leo anazikuta pamoja, na wengi hujivunia kwamba wanausafisha mto bure. Wataalamu wa maji wa California walilijaribu dai hilo kwenye tawi lilelile la Mto American, ripoti yao ikatoka mwaka 2005. Mashine ilinasa kiasi cha asilimia 98 ya zebaki iliyofyonzwa. Ungedhani hoja imeisha. Lakini ile asilimia 2 iliyoponyoka ilikuwa imesagwa kuwa vitone vidogo mno, vinavyoelea na tope laini hadi mbali, mahali ambapo vijidudu vinaweza kuigeuza zebaki kuwa aina inayoingia ndani ya samaki. Zebaki iliyolala chini ya mita moja ya kokoto haina madhara makubwa kama hiyo.

Jimbo lilipomaliza tathmini yake kubwa mwaka 2012, zebaki ilikuwa miongoni mwa madhara ambayo waandishi hawakupata namna ya kuyaondoa kabisa, pamoja na tope, kelele, ndege wa kingo za mito na mabaki ya kale ya wenyeji. Miaka minne baadaye mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba sheria ya 1872 haiizuii California kupiga marufuku njia fulani ya uchimbaji. Oregon nayo ikabana mito yenye samoni. Huko kulizuka swali ninalolipenda kuliko yote: mtu akichota kokoto mtoni na kuzirudisha mtoni humohumo, je, ameongeza uchafu? Wachimbaji walisema hapana, huwezi kuongeza kilichokuwepo. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya Oregon ilikubaliana na wasimamizi waliosema ndiyo, kwa kuwa tope lililokuwa limetulia chini si kitu kimoja na tope linaloelea.

Si kila mahali jibu lilikuwa marufuku. Huko Idaho ilichukuliwa njia nyingine, nami naona inafundisha zaidi. Wakala wa serikali kuu wa ulinzi wa mazingira ulitoa mwaka 2013 kibali cha jumla kwa mashine ndogo, yaani zenye bomba lisilozidi inchi 5 na injini isiyozidi nguvu za farasi 15. Kwenye tawi la kusini la Mto Clearwater, ndani ya msitu wa taifa, tathmini iliweka idadi ya juu ya mashine 15 kwa mwaka na msimu wa kuanzia 15 Julai hadi 15 Agosti. Tarehe hizo si za kubahatisha. Trauti wanaokulia baharini na kurudi mtoni kutaga majira ya kuchipua, vifaranga wao wameshatoka kwenye kokoto, na samoni wanaotaga baadaye bado hawajaanza kuchimba viota. Ni mwanya wa mwezi mmoja, na bomba linapitishwa humo.

Mwanya huo hata hivyo haumsaidii kila mkazi. Mto huohuo una lamprei wa Pasifiki, samaki mwenye umbo la mkunga ambaye taifa la wenyeji liitwalo Nez Perce limemla na kumheshimu tangu zamani. Watoto wake hujizika kwenye tope laini na kukaa humo miaka mitatu, pengine hadi saba, wakichuja chakula majini. Julai wamo, Januari wamo. Kwao tarehe yoyote ni mbaya, na lililobaki ni mtaalamu kushuka mtoni pamoja na mchimbaji kabla injini haijawashwa, wakatazama sakafu hatua kwa hatua, akamwonyesha ni wapi asiguse.