Kwa nini wimbo hufungiwa alama za mtajo, lakini dansi haifungiwi?

Soma sentensi hii ya hadithi: Aliimba nisubiri mlangoni. Alikuwa mlangoni akiimba, au wimbo wenyewe ndio unaitwa hivyo? Mwandishi anajua, msomaji anabahatisha. Aliimba “Nisubiri” mlangoni ni jambo moja. Aliimba “Nisubiri Mlangoni” ni jingine. Kazi ya alama za mtajo hapa ni hiyo tu: kuonyesha jina linaanzia wapi na kuishia wapi.

Dansi haina shida hiyo. Rumba, walsi na tango ni majina ya aina, kama kandanda au karata, si kazi iliyotungwa ikapewa jina. Huandikwa kwa herufi ndogo, bila alama: walicheza tango hadi alfajiri. (Hakuna atakayedhani ni la kachumbari, kitenzi kimeshamaliza utata.) Dansi iliyopewa jina la mahali, kama Charleston, hubaki na herufi kubwa. Baleti iliyotungwa, yenye mwanzo na mwisho wake, ni habari nyingine. Hiyo ni kazi kamili, na jina lake huwekwa kwa mlazo, yaani herufi zilizoinama (italiki), sawa na la albamu, opera au riwaya. Wahariri wengi hufuata hivyo: kitu kizima kwa mlazo, kilichomo ndani yake kwa alama za mtajo. Ukiandika kwa mkono, piga mstari chini ya jina badala ya mlazo.

Makosa hujazana kwenye mazungumzo, kwa kuwa maneno ya mhusika tayari yamefungiwa. Ukirudia jozi ileile, msomaji ataona kama mhusika amenyamaza katikati ya sentensi. Basi nje tumia alama mbilimbili, ndani mojamoja:

“Nipigie ‘Nisubiri Mlangoni’ kwanza,” akasema.

Jina likiangukia mwishoni, funga ya ndani, weka mkato, kisha funga ya nje. Wapo wanaotanguliza mkato. Chagua njia moja, uishike hadi ukurasa wa mwisho.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni ng’. Katika “Nipigie ‘Nyota Ing’arayo’,” ritifaa ya ng’ inafanana kabisa na alama ya kufungia, na jicho hudhani jina limeishia kwenye “Ing”. Usihangaike na alama. Mnyang’anye mhusika sentensi hiyo, uisimulie mwenyewe: Aliomba apigiwe “Nyota Ing’arayo”.