Gari la Zamani Nairobi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukitafuta Peugeot 404, Volkswagen Beetle au Datsun ya zamani hapa Nairobi, washauri hawatakosekana. Kuanzia Barabara ya Kirinyaga, Grogan kwa wengi wetu, hadi Industrial Area, kila mtu ana lake la kusema. Mengine ni ya maana. Haya yafuatayo hayana maana.

"Bati la zamani lilikuwa nene, halishiki kutu."

Hii ndiyo inayowaponza wanunuzi wengi. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yaliundwa kabla viwanda havijazoea kupaka bati zinki, na kutu haianzii pale unapoiona. Inaanzia ndani: chini ya milango, kwenye sakafu, penye viungo ambavyo maji huingia na kukosa pa kutokea. Likiwa gari liliishi Mombasa, ongeza na chumvi ya bahari.

Chukua Beetle. Betri yake hukaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi ikimwagika hapo hula sakafu polepole huku zulia likificha yote. Ng'oa kiti, kunja zulia, kisha gusa bati kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, umepata jibu. Halafu kuna zile mirija za chini ya milango zinazopitisha hewa ya moto. Wengi hudhani ni za hita tu, kumbe ndizo zinazobeba bodi. Pandisha gari kwa jeki upande mmoja, kisha jaribu kufunga mlango wa upande huo. Ukigoma ilhali chini ulifunga vizuri, bodi imelegea, na kazi hiyo si ya wikendi moja.

"Rangi inang'aa, basi bodi ni safi."

Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini ili usikwaruze. Ipitishe polepole juu ya matao ya magurudumu na sehemu za chini za milango. Pale inapokataa kushika, chini yake kuna fila, yaani lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, badala ya bati. Fila yenyewe haina ubaya. Tabaka jembamba juu ya bati safi ni kazi ya kawaida ya fundi. Ubaya ni kuziba tundu la kutu kwa fila, kupiga msasa, kupaka rangi, na kuuza kabla mvua haijanyesha.

"Inatoa moshi mweusi, injini imekufa."

Huenda ikawa kabureta tu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Gari lililotengenezewa kabureta kule Pwani hupata petroli nyingi kupita hewa iliyopo, likatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama lori. Jeti ndogo zaidi, yaani vitundu vya kupitishia petroli, na marekebisho machache hutosha. Moshi wa kukutia wasiwasi ni wa bluu, kwa maana hapo inaungua oili.

"Petroli ya siku hizi huua injini za zamani."

Kenya iliacha petroli yenye madini ya risasi mwaka 2006. Risasi ilikuwa ikikinga viti vya valvu, pale valvu zinapokaa zikifunga, kwa hiyo hofu hii ina chembe ya ukweli kwa vichwa vya injini vya chuma cha kusubu vinavyoendeshwa kwa nguvu. Siku ya kufungua kichwa, weka viti vigumu, basi. Vichwa vya alumini, kama vya Beetle na 404, viliwekewa viti vya kupachikwa tangu kiwandani.

"Rangi ni rangi, bora mkono wa fundi."

Mkono ni muhimu, lakini hali ya hewa nayo ina neno. Asubuhi ya Julai, kukiwa na baridi na unyevu, rangi ya selulosi iliyochanganywa na thina (kiyeyushi cha rangi) inayokauka haraka hushika ukungu mweupe. Thina ikiruka hupoza bati, na unyevu wa hewani hutua juu ya rangi mbichi. Subiri jua la mchana, au tumia thina ya polepole.

Wengi siku hizi hupaka rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), ambayo ni ngumu na hung'aa muda mrefu. Ila hadina nyingi za aina hiyo zina isosianeti, kemikali yenye sumu, na barakoa ya vumbi au leso haizuii chochote. Mvuke wake unaweza kumletea fundi pumu ya kudumu. Mpakaji anahitaji barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Karakana isiyo nayo mimi siipi kazi, hata bei iwe tamu vipi.

"Logbuku tutashughulikia baadaye."

Logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, huonyesha rangi, namba ya chesisi na ya injini. Ukigeuza gari jeupe kuwa kijani, au ukitia injini nyingine, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inapaswa kujulishwa. Kabla ya kulipa, linganisha namba hizo na zilizo kwenye gari lenyewe. Magari ya umri huu mara nyingi bado yako kwa jina la baba au babu aliyekwisha kufariki, na hapo saini ya mtoto wake haitoshi. Lazima mirathi ipitie kortini kwanza. Muuzaji akikwambia hati za korti ziko njiani, mwachie gari lake mpaka zifike.