"Ni Msimu Tu": Tunayoambiwa Katika Kampuni za Utalii Nairobi

Julai hadi Oktoba, nyumbu wakiwa Maasai Mara, ofisi za utalii jijini hazilali. Novemba ikifika, dereva anaambiwa "tutakupigia". Akiuliza, jibu ni lile lile: ni msimu tu, na wewe ni kibarua.

Si kweli. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni anayelipwa siku ikiisha na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Sasa huyu anayewapokea wageni uwanja wa ndege wa JKIA Jumatatu na kuwarudisha Jumapili, kisha Jumatatu yuko uwanja wa Wilson kupokea wengine, ni kibarua wa nani? Siku hizo mfululizo zikitimia mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28, si kimya cha simu.

Halafu kuna ya bakshishi: "Wageni watakutoa." Nimeisikia ikisemwa kwenye usaili, tena kwa tabasamu. Mshahara ni deni la mwajiri. Dola anazoachiwa dereva na mgeni ni zawadi yake na hazimlipii bosi deni.

Kioo kikipasuliwa na jiwe barabarani, wengi huamini dereva lazima akatwe. Sheria inaruhusu makato ya kadiri kwa hasara aliyoisababisha makusudi. Jiwe halina makusudi. Na "wageni hawataki dereva mwanamke" ni ubaguzi wa kijinsia, basi.

Wakubwa nao wana dhana yao: ubora ni Land Cruiser mpya na vikombe vya tuzo pale mapokezi. Lakini mgeni hushinda na dereva, si na vikombe. Chama cha waongoza safari, KPSGA, huwatahini kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Aliyefika fedha akiachwa Novemba, Julai anawaongoza wageni wa jirani yako. Na aliyenyimwa siku yake moja ya mapumziko kwa wiki, ambayo ni haki kisheria, ndiye anayesinzia kwenye usukani.

Inayonyamazisha watu zaidi ni hii: "Hukutia sahihi popote, utadai nini?" Kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri. Kesi ikifika mahakama ya ajira na ashindwe kutoa maandishi, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba masharti unayoyadai hayakuwepo.