Stika ya Usiku wa Harusi

Stika ile haikuzidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ndani yake yumo msichana wa miaka 14, mikono juu, mtandio umemteleza hadi mabegani, anacheka. Chini yake pameandikwa neno moja ambalo sitalirudia hapa. Mamake alinionyesha huku ameifunika simu kwa kiganja, na hali tulikuwa wawili tu ofisini na mlango umefungwa.

Picha ilitoka kwenye harusi ya wanawake pekee. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: kule ndani mabuibui huvuliwa, wasichana wakacheza mbele ya mama na shangazi zao, na simu hukatazwa mlangoni. Simu moja ilipenya. Usiku uleule picha ikaingia kundi la WhatsApp la darasa, na kulipokucha ilikuwa imeshageuzwa stika.

Mimi ni mshauri nasaha na kazi yangu ni watoto wa shule. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya mama, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyabadilisha.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyetafiti uonevu wa shuleni huko Skandinavia tangu miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na anayeonewa kukosa nguvu za kujitetea. Mtandaoni hilo la pili limebadilika. Aliyetengeneza stika alituma mara moja tu. Waliorudia ni wengine: mmoja akaihifadhi, mwingine akaipeleka kundi la chuoni, yaani madrasa, wa tatu akaitumia kujibu salamu. Wa kwanza hata akiifuta ujumbe wake, zilizohifadhiwa kwenye simu za wenzake zinabaki. Ndiyo maana ukimwuliza kila mtoto peke yake atakwambia, kwa ukweli kabisa, kwamba yeye hakufanya kitu.

Kwetu kuna jeraha jingine juu ya hilo. Mtoto wa hapa analelewa akijua sitara ni nini. Wazee husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha huondoka nayo kifuani. Msichana huyu aliona kwamba amevuliwa sitara mbele ya wavulana anaokutana nao kila siku katika vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega. Mji wetu ni mdogo. Hana njia nyingine ya kwenda shule.

Lakini hakuletwa kwangu kwa ajili ya picha. Aliletwa kwa sababu ya tumbo. Alikuwa amepelekwa hospitali mara tatu, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, wala hazikufaa. Nilimwomba mama anitajie siku za maumivu. Yalianza kila Jumapili baada ya magharibi, yakaisha Ijumaa mchana. Hapo nilijua tunazungumzia shule. Na maumivu hayo si deko. Mtoto akiishi na hofu, mwili humwaga homoni za kujihami, moyo ukaenda mbio, utumbo ukavurugika, usingizi ukakatika. Asiyelala hashiki masomo, na alama zikishuka nyumbani anaitwa mvivu. Mwaka 2019 UNICEF iliwauliza vijana wa nchi 30, na zaidi ya theluthi moja walisema wamewahi kuonewa mtandaoni. Mmoja kati ya watano alikuwa amekosa shule kwa sababu hiyo.

Mama alipogundua, alimpokonya simu. Namwelewa, alitaka kumkinga. Ila mtoto aliniambia kwa sauti ya chini, "Bora nikiyaona. Sasa nakisia, na nikikisia ni mabaya zaidi." Tena wadogo zake walikuwa wakitazama. Wamejifunza kwamba ukionewa ukasema, unanyang'anywa simu wewe, wala si aliyekuonea. Nawasihi wazazi wenzangu: mwambieni mtoto leo, kabla hakujatokea lolote, kwamba akija na jambo kama hili simu yake haitaguswa. Watoto wengi hunyamaza kwa hofu hiyo moja.

Nilimwuliza pia, waziwazi, kama amewahi kutamani kufa. Watu huogopa swali hili wakidhani linamtia mtoto wazo. Halimtii, humpa nafasi ya kulitua. Alisema ndiyo, mara mbili, usiku. Tangu hapo mama alilala naye chumba kimoja, na mimi nikawa namwona kila siku. Aliye mbali na mshauri apige 116, simu ya watoto nchini Kenya, ni bure usiku na mchana.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Tulipiga picha za skrini zenye tarehe kabla hakujafutwa kitu, mwalimu wa darasa akalifunga kundi, na mamake na mama wa aliyetengeneza stika wakakaa kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, la nyumba moja wakazungumza mpaka kahawa ikapoa. Sheria ipo: ile ya makosa ya mitandao ya 2018 inautaja unyanyasaji huu kuwa kosa. Lakini mtengenezaji wa stika alikuwa mvulana wa miaka 13, na nilipokaa naye alinionyesha stika yake mwenyewe, aliyochekwa nayo miezi miwili kabla. Sasa nawaona wote wawili, kila mmoja siku yake.

Tumbo limetulia, ingawa Jumapili bado hali chakula vizuri. Mwezi ujao kuna harusi ya binamu yake. Amemwambia mamake kwamba kucheza bado, lakini atakwenda, na ameomba akae mlangoni na kapu, yeye ndiye akusanye simu.